Betri Lazima Ijae

Inspekta Veridiana alilichukia gari lile mara tu turubai lilipovuliwa.

Lilikuwa jekundu, fupi, la viti viwili, limeinamia mbele kama linataka kunusa sakafu. Newala yote haikuwa na jingine la namna hiyo, na barabara za Newala zilikuwa zimelikataa tangu mwanzo. Mwenyewe, Abuu Shamte, mnunuzi wa korosho, alilileta juu ya lori, akalizungusha mjini mara chache ili watu wamwone, likakwaruza tumbo kwenye tuta la sokoni, mambo yakaishia hapo. Akalifungia bandani nyuma ya nyumba ya mama yake, akarudi zake Dar es Salaam. Tangu siku hiyo gari likawa mzigo wa mtu mmoja, Silvano, mlinzi wa nyumba.

Kazi ya Silvano haikuwa kulilinda tu. Gari lisipotembea, betri hulala mwisho ikafa, kwa sababu saa, king'ora na vikorokoro vingine huendelea kunyonya umeme hata gari likiwa limezimwa. Kwa hiyo ukutani kulikuwa na chaja, ndogo, nyeusi, yenye taa iliyowaka kijani betri ikijaa na nyekundu ikipungua. Kila Ijumaa Silvano aliliwasha gari, akaliacha lingurume kidogo, akapiga video ya dashibodi kwa simu na kumtumia tajiri wake. Jibu la Abuu halikubadilika hata siku moja: betri lazima ijae.

Sasa taa ya mbele ya kushoto ilikuwa imevunjika.

Vipande vya kioo chake vilikuwa kwenye bahasha ya kielelezo kituoni. Viliokotwa Jumapili kwenye mteremko wa barabara ya Masasi, karibu na baiskeli na madumu manne ya maji. Mwenye baiskeli, Upendo Alfredi, mama wa watoto watatu, alikuwa ameshuka usiku kuchota maji bondeni kama wafanyavyo wanawake wengi wa juu ya mlima mabomba yakikauka. Aligongwa kabla ya mapambazuko akaachwa majanini. Wapita njia walimkuta jua limeshapanda, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Dereva mmoja wa bodaboda alisema gari jekundu la chini chini lilimpita gizani kwa kasi ya ajabu. Polisi hawakuhitaji kuuliza ni la nani.

Silvano alipokamatwa hakubisha. "Niliendesha mimi," alisema. Kesho yake alikuwa apandishwe kizimbani kwa kusababisha kifo, na kwa maelezo yale hakuna hakimu angesumbuka naye sana.

Mkuu wa Veridiana alikuwa ameridhika. Veridiana hakuwa ameridhika. Mtu anayekiri haraka humchosha kuliko anayekana, maana anayekana angalau anakuachia kitu cha kufuatilia.

"Afande, hili si gari, ni kiatu," alisema Koplo Erasto, msaidizi wake, akijaribu kujiingiza kwenye kiti cha dereva. Magoti yalimgonga usukani. Alijikunja, akalalamika, akatoka nje akijisugua.

"Silvano ana urefu gani?" aliuliza Veridiana.

"Ananizidi mimi."

"Na kiti kimesogezwa mbele hivyo?"

Erasto aliacha kujisugua goti.

"Nani amegusa humu tangu Jumapili?"

"Hakuna, afande. Lakiri nilibandika mwenyewe, na leo nimeibandua mbele yako. Chaja tu ndiyo tuliiacha kwenye soketi, maana mwenye gari alipiga simu mpaka kwa mkuu kwamba isichomolewe."

Kama aliyeitwa, Abuu Shamte akapiga simu. Alikuwa India kwa wanunuzi wa korosho, na sauti yake ilikuja kwa kukatikakatika.

"Pole kwa msiba wa mama, ndugu Abuu," alianza Veridiana. Ilikuwa haki yake kupewa pole. Mama yake, Bi Faidha, alikuwa amefariki alfajiri ya Jumapili ileile, usingizini, kwa maelezo ya dada yake Abuu aliyeishi naye, akazikwa kabla ya alasiri. Mikeka ya matanga ilikuwa bado uani, hatua chache kutoka pale waliposimama.

"Ahsante, ni kazi ya Mungu. Sasa afande, gari limeumia sana? Na chaja inaonyesha rangi gani?"

"Kijani."

"Alhamdulillahi."

Veridiana alikata simu kabla hajasema neno la kumfukuzisha kazi.

"Washa umeme wa gari, usitie moto," alimwambia Erasto. Dashibodi ikang'aa. Mshale wa mafuta uliamka, namba zikajipanga, na saa ndogo katikati ikaonyesha usiku, ilhali nje jua lilikuwa linachoma mabati.

Alifungua simu yake. Abuu alikuwa amemtumia video zote za Ijumaa, kwa kujitapa, athibitishe jinsi gari lake lilivyotunzwa. Katika video ya Ijumaa iliyopita, saa ya gari ilikuwa sawasawa na saa ya simu. Katika zilizotangulia, hivyo hivyo.

"Saa ya gari hupotea lini, Koplo?"

"Betri ikichomolewa. Ukiirudisha inaanza upya."

"Basi baada ya Ijumaa betri hii ilitoka humu. Fungua boneti."

Betri ilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Silvano alikuwa amevipaka vichwa vyake girisi nyekundu, nzito, ili visiliwe na kutu. Lakini juu ya girisi palikuwa na unga mweupe, umenata kwenye mikunjo na kwenye mfuniko.

"Chumvi ya betri hiyo tu," alisema Erasto. "Zote huota."

"Zinazotunzwa hazioti." Veridiana alichota kidogo kwa ncha ya kidole, akakisugua kwa dole gumba, akanusa. Kisha akaugusisha ulimi.

"Afande, sumu hiyo! Ina tindikali!"

"Tindikali haina ladha ya mtama." Alifuta kidole kwenye kitambaa na kukikunja kitambaa ndani ya mfuko wa kielelezo. "Unga, Koplo. Na huu ni mwezi gani?"

Erasto alifikiri. Shule zilikuwa zimefungwa, na kila Jumamosi kutoka Masasi mpaka Newala ngoma zilikuwa hazilali.

"Mwezi wa unyago," alisema.

*

Silvano aliletwa chumba cha mahojiano bila mkanda, ameshika suruali kwa mkono mmoja. Alikuwa mtu mzima, mvi zimemjaa, na mahabusu au si mahabusu, Veridiana alilelewa na watu; alimwamkia kwa jina la mwanawe.

"Shikamoo, Baba Optatus."

"Marahaba, mwana... afande."

"Jumapili alfajiri uliendesha gari la tajiri wako."

"Niliendesha mimi. Nimeshasema."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kutembea."

"Kiti umekisogeza mbele, na miguu yako hiyo. Ulikuwa unaendesha au unasujudu?"

Silvano alitazama mezani.

"Betri uliipeleka wapi?"

Kichwa cha Silvano kiliinuka ghafla. Hapo ndipo Veridiana alipojua ameshika penyewe.

"Ilikuwa kwenye gari," alisema Silvano.

"Ina unga wa mtama juu."

Mzee aliisogelea meza. Alipozungumza alikuwa anaomba.

"Usiende kuwauliza wale wamama, afande. Nakuomba kwa Mungu. Mimi nimekiri, nifungeni. Kuna mtu amekufa kwa sababu yangu, na hilo nalijua peke yangu."

"Mtu yupi?"

Swali lile lilikuwa la kipuuzi kwa kesi yenye marehemu mmoja, na Veridiana aliliuliza makusudi. Silvano alifungua mdomo kusema jina, akaufunga. Tangu Jumapili alikuwa hajalitaja jina la Upendo hata mara moja.

*

Kwao Silvano ni Lulindi. Erasto aliendesha kushuka mlima, na walipofika karibu na kanisa aliambiwa abaki garini.

"Kwa nini, afande?"

"Kwa sababu hapa wewe ni mwanaume tu, cheo chako hakikusaidii."

Bibi Flora, kungwi aliyewatoa wali wa unyago Jumapili ile, alikuwa anapeta mtama nyuma ya nyumba. Alipokea shikamoo ya Veridiana, akamtolea kigoda, akaendelea kupeta.

"Wamekuja polisi wengine jana," alisema. "Wanaume. Wameniuliza Silvano alikuwa wapi. Nimewaambia mambo ya ngomani hayatoki ngomani."

"Mimi sikuja kwa mambo ya ngomani, bibi. Nimekuja kwa mtu aliyekaa nje ya ngoma."

"Wote mnaanza hivyo hivyo. Wewe umetoka unyagoni?"

"Nimetoka."

"Wapi?"

"Kwetu, Nanganga."

Bibi Flora aliweka ungo chini. Aliimba kwa sauti ya chini nusu ya wimbo mmoja, akanyamaza, akasubiri. Veridiana alikuwa na miaka mingi hajauimba, na alikuwa amevaa kombati na pingu kiunoni, lakini nusu ya pili ilimjia yenyewe, na mikono ikakumbuka mahali pa kupiga. Maneno yake hayaandikwi hapa. Wanaoyajua wanayajua.

"Haya," alisema Bibi Flora, uso umelainika. "Uliza, mjukuu wangu."

"Silvano alileta betri?"

"Aliileta Jumamosi jioni, kaifunga kwenye bodaboda kama anambeba mgonjwa. Umeme ulikatika tangu mchana, jenereta la kukodi limegoma, na spika zimekaa kama mawe. Na mwali mkubwa ni Nancy, mtoto wa dada yake. Sasa mjomba ndiye nani, mjukuu wangu?"

"Mwenye ngoma."

"Mwenye ngoma! Ngoma ikifa, jina linalokufa ni la mjomba. Angeuweka wapi uso wake? Tukampigia, akaleta. Lakini alitusumbua huyo! Kila mara anaingia kati, zimeni kidogo, betri itakwisha, betri lazima ijae. Wamama walimzomea mpaka akakimbia. Usiku kucha kakaa pale kwenye jiwe, kaikumbatia."

"Hakuondoka hata kidogo?"

"Aondoke aiachie nani? Tuliwatoa wali kunapambazuka. Nikampaka Nancy unga wa mtama kwenye paji la uso, na betri nikaipaka, maana ilikuwa imefanya kazi ya mjomba. Ndipo akaifungua, akapanda bodaboda, akashika njia ya mkato."

Kunapambazuka. Wakati huo Upendo alikuwa tayari amelala majanini. Silvano hakumgonga, na gari la Abuu wakati huo halikuwa na betri yake. Veridiana aliona faraja na wasiwasi vikimjia pamoja, maana gari lile lilikuwa limetembea vilevile.

"Alichukua bila ruhusa, ndiyo maana hakutaka muulizwe?"

"Alikuwa anamwogopa huyo Abuu tu, asijue. Ruhusa alipewa na dada mtu, Bi Sophia. Alimwambia chukua, ni jambo la heri, uirudishe kabla kaka hajapiga simu." Bibi Flora aliinua ungo. "Mwanamke mwema yule. Nimesikia kafiwa na mama."

*

Bi Sophia Shamte alikuwa mwalimu mstaafu, mfupi, mwenye sauti iliyozoea kusikika mpaka dawati la nyuma. Mume wake aliyetangulia mbele ya haki alikuwa dereva wa mabasi, na mji mzima ulikumbuka jinsi alivyomfundisha mkewe kuendesha kwenye uwanja wa mpira. Aliwaacha wanawake wenziwe kwenye mikeka, akamkaribisha Veridiana ndani.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba. Tumeshapoa. Chai?"

"Hapana, ahsante. Naomba nione betri ya sola."

Chai ingekuwa rahisi zaidi. Bi Sophia alisimama kidogo, kisha akaongoza njia kuelekea kwenye korido ya kutokea bandani. Betri ilikuwa chini, kubwa, ya kuwashia taa za nyumba umeme ukikatika. Veridiana alichuchumaa akamulika kwa tochi ya simu. Nyaya za sola zilikuwa zimefungwa kwa nati, kavu. Lakini chini ya nati, kuzunguka vichwa vyote viwili, kulikuwa na girisi nyekundu.

"Girisi hii Silvano anaipaka kwenye gari peke yake," alisema. "Imefikaje hapa?"

"Silvano ndiye mtu wa betri. Muulize yeye."

"Silvano alikuwa Lulindi mpaka kunakucha. Betri ya gari ilikuwa naye, kwa ruhusa yako. Aliyeendesha usiku ule ilibidi atafute betri nyingine, na waya wa gari ukaiachia hii girisi yake." Aliinuka. "Na ni mtu mfupi."

Uani mtu alianza kusoma Yasini, wengine wakamfuata. Bi Sophia alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono mapajani.

"Nilikuwa namwahisha mama," alisema. "Pumzi zilimbana usiku. Majirani wenye gari hawapokei simu, bodaboda hawezi kukaa. Nikafunga betri ya sola, nikamlaza kwenye kiti, nikashuka kumpeleka Masasi. Ilikuwa giza. Sikumwona yule mama. Ungekuwa wewe, na mama yako anakoroma pembeni, ungesimama?"

Veridiana alikuwa na mama yake mwenyewe Nanganga, na alijua jibu ambalo angelitoa. Kwa dakika nzima alitamani mambo yawe hivyo, kesi iandikwe hivyo, kila mtu apewe huruma yake.

"Ulikuwa unashuka?" aliuliza.

"Nashuka."

"Upendo alikuwa anapanda. Madumu yake yalikuwa yamejaa, anarudi nyumbani. Alikuwa upande wake wa kushoto. Ungekuwa unashuka, ungemkuta ng'ambo ya pili na ungemgonga kwa mbele. Baiskeli yake imekunjika gurudumu la nyuma, mama. Na taa iliyovunjika kwenye gari ni ya kushoto. Ulikuwa unapanda. Ulikuwa unarudi Newala."

Mwalimu aliyatazama maneno yale kama hesabu iliyosahihishwa na mwanafunzi, akakosa pa kukosoa.

"Alikata roho hatujamaliza mteremko," alisema hatimaye. Sauti haikufika hata dawati la mbele. "Nikasimama nikamshika mkono, nikamwita. Nikageuza. Nilitaka afike kwake kabla watu hawajaamka, alale kitandani kwake, isisemwe amefia njiani kwenye gari la anasa. Nilikuwa nalia, afande. Nikasikia kishindo."

"Ulishuka?"

"Nilishuka."

"Alikuwa hai?"

"Alinisemesha. Aliniomba nisimwache." Bi Sophia alijipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Lile gari lina viti viwili. Cha pili kilikuwa na mama. Ningemweka wapi?"

"Ungepiga simu."

"Ningepiga simu," alikubali.

"Na Silvano?"

"Alirudi na betri yake anatabasamu, ngoma imefana. Nikamwambia mama amekufa. Nikamwambia, ungekuwa hujaichukua hiyo betri, angefika hospitali."

"Ilikuwa kweli?"

Bi Sophia alizungusha ncha ya mtandio kidoleni.

"Kubadilisha betri hakukunichukua hata muda wa kuchemsha chai. Mama alikuwa ameshakwenda, ni mwili tu uliobaki unavuta. Nililijua hilo nikiwa nambeba. Lakini Silvano alilia pale pale, akapiga magoti, nikaona nimempata mtu. Sikumwomba akiri. Walipokuja polisi alikiri mwenyewe, mimi nikanyamaza."

Katika kazi yake Veridiana alikuwa ameshakamata wezi, wauaji na baba aliyemchoma mtoto, na hakukumbuka kuwahi kuhisi hasira ya namna ile. Mtu kafa barabarani, hiyo ilikuwa hofu ya dakika moja. Hili la pili lilipikwa, likapakuliwa, likalishwa mtu aliyeamini.

"Vaa baibui, mama. Tunakwenda kituoni."

"Nimalize matanga?"

"Upendo naye ana matanga."

Walipopita uani wanawake waliacha kusoma. Bi Sophia aliwaambia anakwenda kuandikisha jambo, atachelewa kidogo, wasisubiri chakula.

*

Jioni Silvano aliitwa tena chumba kile. Fomu ya kumwachia ilikuwa mezani, imeshapigwa muhuri, na juu yake mkanda wa suruali, simu na rozari. Erasto alisimama mlangoni anatabasamu. Veridiana alimweleza yote tangu mwanzo mpaka mwisho, polepole, bila kuruka.

"Kwa hiyo betri haikumchelewesha Bi Faidha," alisema Silvano.

"Haikumchelewesha."

"Mimi sikumuua."

"Hukumuua, Baba Optatus. Ulidanganywa."

Mzee aliweka uso viganjani akalia, bila kujificha. Veridiana alifurahi, na hakuona aibu kufurahi. Ni mara chache katika kazi yake alimpa mtu habari ya kumtua mzigo. Alimwacha alie mpaka atosheke, akamsogezea vitu vyake.

"Saini hapa, uende nyumbani. Tutakuita kama shahidi."

Silvano alipitisha mkanda kwenye vitanzi viwili vya suruali. Akasimamisha mikono.

"Aliposhuka, yule mama alikuwa anaongea?"

Angeweza kumdanganya. Alikuwa amechoka, na mtu yule alikuwa amedanganywa vya kutosha.

"Alikuwa anaongea."

"Mimi nilifika jua ndiyo linachomoza," alisema Silvano. "Nikaenda bandani kurudisha betri. Nikakuta taa imevunjika, bampa ina damu. Bi Sophia akasema amegonga mbuzi. Nikachota maji, nikaosha."

"Uliambiwa mbuzi, ukaamini. Yaache hayo."

"Afande, niache nimalize." Aliongea na meza. "Kwenye taa kulikuwa kumenasa kipande cha kanga. Mbuzi havai kanga. Nilikishika mkononi, nikakitazama, nikajua. Nikakitia motoni jikoni, nikachomeka chaja. Watu walimkuta saa ngapi?"

Tabasamu la Erasto lilikuwa limeondoka. Veridiana alilijua jibu, na mzee pia alilijua, kwa sababu mji mzima ulikuwa umelisema: jua lilikuwa limeshapanda, umande umeshakauka, na Upendo alikuwa bado anahema.

"Kwa baiskeli ningemfikia," alisema Silvano. "Nilikuwa nafikiria betri."

Aliuvuta mkanda kutoka kwenye vitanzi, akaukunja vizuri, akaurudisha juu ya meza kando ya rozari. Veridiana aliichukua ile fomu yenye muhuri, akaiweka kwenye droo. Kisha akavuta karatasi mpya, akamwonya kwa mujibu wa sheria kwamba halazimiki kusema lolote, akaanza kuandika.